Kanga ya Auleria na Upepo wa Madale

Jumatano, 23 Julai

Wilbert amenichokoza tena. Ameandika kwenye grupu la klabu yetu ya baiskeli, mbele ya watu kumi na wanane, kwamba kapteni ameahirisha safari Jumamosi nne mfululizo kwa sababu ya upepo, na kwamba yeye anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu na hajaona hata mfuko wa rambo ukipeperuka. Fitina! Anaitaka jezi yangu. Jezi ya kapteni, ya njano, imeandikwa REVELIAN mgongoni. Saizi iliyobaki ilikuwa kubwa mno, lakini ni yangu.

Ukweli nauandika hapa tu. Kilima cha Madale sijawahi kukipanda bila kushuka na kusukuma. Hakuna anayejua. Mwenye kuamua kama upepo umezidi ni mimi, kwa kuwa uwanja wangu uko wazi. Kipimo ni kanga ya mke wangu, Auleria, kwenye kamba ya nguo. Ikining'inia, twende. Ikinyanyuka hadi usawa wa kamba, tulale. Mpaka leo walikuwa wananiamini kwa maneno. Sasa Felicitas, katibu wetu, mwalimu wa hesabu, anataka video. Bila video, ama nipande kilima mbele ya wote, ama nivue jezi.

Nitampa video.

Ijumaa, 25 Julai

Feni ya sebuleni, kasi namba tatu. Waya nimeupitisha dirisha la jikoni. Jaribio la kwanza: kanga imejisokota kwenye feni. Auleria akatoka mbio. Amesema ile doti alipewa na mama yake siku ya sendofu, na kwamba kama sitaki kuendesha baiskeli niseme sitaki, watu wazima husema. Nikamjibu kwamba hili ni suala la uongozi. Akacheka mpaka akashika mlango.

Jaribio la pili, feni nyuma ya pipa la maji: kanga imenyanyuka safi, usawa wa kamba kabisa! Feni haionekani popote. Akili ninazo, acha wanionee wivu.

Jumamosi, 26 Julai

Saa kumi na mbili kasoro nimetuma video. Nikaandika: Ndugu wanachama, upepo ni mkali mno, usalama kwanza. Nikarudi kitandani. Dakika nane za raha.

Felicitas akapiga simu. Akauliza kwa upole kama ile migomba nyuma ya kanga ni yangu. Nikasema ndiyo, miche nimeileta mwenyewe kutoka Bukoba, nimeipakata kwenye basi njia nzima. Akauliza mbona majani yake yametulia kama yamechorwa ukutani, hali kanga inaruka. Migomba! Majani yanayochanika hata mtu akipiga chafya! Nikajibu kwamba migomba ya kwetu ina msimamo. Akasema wanakuja.

Wakaja wote. Wilbert akaufuata waya kutoka jikoni hadi nyuma ya pipa kama askari mpelelezi. Akaiwasha feni, akaizima, akaiwasha tena. Kikao kikaitishwa hapo hapo uani. Auleria akawaletea chai na vitumbua, eti wageni ni wageni, na kikao kikanoga mpaka saa tatu asubuhi. Uamuzi: tunaondoka sasa hivi, na kama nikiweka mguu chini kilimani, jezi inakwenda kwa Wilbert.

Robo ya kilima tu mapaja yakaanza kuwaka moto. Nilishaamua kuanguka, nilishachagua na mchanga wa kuangukia. Ndipo upepo ukaja! Upepo wa kweli, wa mgongoni, ule unaoamka jua likishapanda. Tungeondoka saa kumi na mbili tusingeukuta. Jezi yangu ikajaa hewa kama puto. Sikupanda kilima, nilipandishwa. Nikampita Felicitas. Nikampita Wilbert na kijezi chake cha kubana, nikampungia mkono! Wa kwanza kileleni! Nililia kidogo. Niliwaambia ni jasho.

Jumatatu, 28 Julai

Siwezi kuchuchumaa. Ofisini nimesimama siku nzima, bosi akadhani nimekuwa mchapakazi.

Lakini moyo mweupe. Jana baada ya misa niliwahutubia wanachama. Nikasema mwendesha baiskeli wa kweli hutoka kukiwa na upepo, hali ya utulivu waachiwe watoto. Nikapendekeza kanuni mpya: kusipokuwa na upepo, hakuna safari. Felicitas akaniuliza mara mbili kama nina uhakika. Imepita! Wilbert ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Ameanza kuniheshimu. Ameniuliza hata jezi kubwa kama yangu zinapatikana wapi.

Jumamosi, 2 Agosti

Upepo! Tangu alfajiri mabati yanapiga kelele. Ila umegeuka, leo unatoka kileleni kuja chini, na mapaja yangu bado hayajapona. Kwa kanuni yangu mwenyewe, tunatakiwa kwenda. Wilbert keshavaa jezi mpya, namwona kutoka dirishani.

Nimefikiri upesi. Kanga ya Auleria nimeiloweka kwenye ndoo, nimeianika bila kuikamua, na kwenye pindo nimefunga mawe mawili. Imening'inia kama gunia la chumvi. Nimepiga video, nimetuma: Ndugu wanachama, leo hakuna upepo wa kutosha, tulale.

Auleria amesimama mlangoni, anataka kusema kitu lakini kicheko hakimwachii. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, safari hii nimeikagua video mara tatu nzima. Hakuna feni, hakuna waya, hakuna ndoo, mawe hayaonekani. Ni kanga tu imetulia, na nyuma yake migomba yangu, majani yanacheza huku na huku, imependeza kweli.

Simu inaita. Ni Felicitas. Bila shaka anaulizia mbegu ya migomba.