Birika Lililoingizwa Mtandaoni

Ofisi yetu inayo fahari kuutangazia umma kwamba kigawa umeme chake sasa kimeunganishwa na mtandao wa kompyuta. Kwa wasiokijua, kigawa umeme ni chuma kirefu chenye safu ya matundu ya plagi, na mashine zote za ofisi zinanyonya humo. Zamani, ukitaka kuzima mashine, ulinyanyuka ukaenda kuchomoa. Sasa Mkurugenzi hanyanyuki. Anabonyeza simu yake, tundu linazimika. Haya ndiyo maendeleo, na mimi, Katibu wa Kamati ya Uunganishaji, niliyaona kwa macho yangu mpaka taa zilipokatika.

Hoja nzito katika Kamati haikuwa waya. Ilikuwa birika.

Birika hilo la umeme tuliachiwa na marehemu mzee wetu wa mapokezi. Mzee yule hakumsikiliza mtu kabla hajamtia kikombe cha chai mkononi, na wengi waliokuja kulalamika waliondoka wamesahau kilichowaleta. Tangu atutoke, anayelichemsha ni Mama Masjala, mtunza mafaili. Kila akimimina kikombe cha kwanza husema, "Mzee, hiki chako," anakiweka pembeni kidogo, kisha anakinywa yeye.

Mkurugenzi aliona huo ni utumiaji wa nishati usio na mkakati.

"Hilo birika liingie kwenye kigawa," aliagiza. "Nikisikia soga, nalizima. Wakishalizoea limezimwa, tunalitupa."

"Bosi, hilo ni la marehemu," Mama Masjala alisema.

"Marehemu hayumo kwenye ikama ya watumishi."

"Ndiyo maana hachelewi kazini siku hizi."

Fundi kompyuta aliuliza kile kisanduku cha mtandao, kinachopokea amri za simu na kuzifikisha kwenye kigawa, akichomeke wapi. Labda ukutani?

"Hakuna kifaa kitakachokaa nje ya mamlaka yangu," Mkurugenzi alisema. "Kila kitu kwenye kigawa."

Tulipiga makofi. Kisanduku kikachomekwa humo. Vikafuata vitasa vya umeme, visivyofunguka bila umeme: cha ofisi ya Mkurugenzi na cha chumba cha mashine kinamokaa kigawa chenyewe. Soketi ya koridoni, kwa kuwa ilishindikana kuunganishwa na mtandao, Kamati iliitangaza kuwa haipo. Niliibandikia karatasi kuithibitishia hivyo.

Siku ya uzinduzi wageni walipangwa koridoni. Mkurugenzi alijifungia ofisini, ili madaraka yake yaonekane yanatoka mbali. Akabonyeza. Birika, lililokuwa limeanza kuimba, likanyamaza. Mama Masjala akaingia chumba cha mashine akalichomoa, akatoka nalo koridoni amelikumbatia kama mtoto aliyeonewa.

Makofi yakamnogea mkubwa wetu. Akazima feni. Akazima mashine ya kuchapia, akazima taa, akazima na vitasa vyote viwili. Kisha, bila kuangalia, akazima na kisanduku cha mtandao.

"Sasa nawasha," sauti ilitoka nyuma ya mlango.

Hakikuwaka kitu.

"Nimesema nawasha."

"Bosi, amri inapita kwenye kisanduku," fundi alisema. "Na kisanduku umekizima."

"Basi nenda kwenye kigawa ukakiwashe."

"Chumba kimejifunga, bosi. Kitasa nacho umekizima."

"Vunja mlango!"

Hapo nililazimika kuingilia kati, nikamkumbusha kwamba kibali cha kuvunja mali ya ofisi anakitoa yeye mwenyewe, kwa njia ya mtandao.

Mama Masjala akabandua karatasi yangu, akachomeka birika kwenye soketi isiyokuwepo. Likaanza kuimba upya. Wageni walichangamka kuliko walivyochangamkia hotuba.

"Kinachochemka huko ni nini?" mlango uliuliza.

"Birika, bosi."

"Nimelizima."

"Limezimika kabisa, bosi. Tunasubiri tu maji yachemke."

Humo ndani, bila feni, lazima joto lilikuwa la kuoka mkate. Dirisha dogo la juu ya mlango likafunguka, ukatoka mkono wenye saa ya bei mbaya.

"Mama, nisogezee kikombe. Sukari nyingi kidogo."

Mama Masjala alimimina cha kwanza, akakiweka pembeni.

"Mzee, hiki chako."

"Nipe basi hicho hicho," mkono ulisema.

"Hiki kina mwenyewe, bosi. Subiri zamu."

Mkurugenzi akasubiri. Kwenye foleni alitanguliwa na mtu mmoja tu, naye hayumo kwenye ikama.