Gati la Nchi Kavu

Jumatatu, 3 Machi

Mimi nyota yangu kali, nimezaliwa nayo. Wengine wanaombea bahati. Mimi naikanyaga njiani nikienda kuoga! Leo mkutano wa wakazi umenichagua kuwa mpimaji wa mchanga upande wetu wa mlango wa bahari. Wapinzani: hakuna. (Mmoja alinyoosha mkono, kumbe anajikuna.) Kampuni imezamisha mitambo ya umeme huko chini, mapanga makubwa kama ya feni, yanazungushwa na mkondo wa maji. Wakazi tukakataa katakata kampuni ijipimie yenyewe madhara yake. Aliyepiga kelele kuliko wote nani? Mimi! Fundi boti, msomi wa darasa la sita, mtu wa watu.

Upande wa pili kachaguliwa shemeji, kaka yake mke wangu. Naye ni fundi boti, eti.

Jumanne, 4 Machi

Mtaalamu wa kampuni, binti mmoja aliyevaa buti kubwa kuliko yeye, katufundisha kazi. Vijiti vya chuma vimepigwa ufuoni, vina alama. Mchanga ukiondoka, kijiti kinarefuka. Mchanga ukijaa, kijiti kinamezwa. Mkondo, kasema, ukishazungusha mapanga unachoka, na maji yakichoka hutua mzigo wake wa mchanga. Pembeni maji yanabanwa, yanakimbia, yanakwangua. Nikamwambia hayo nilishayajua tumboni mwa mama.

Masharti: upande utakaokwanguliwa zaidi utajengewa gati la zege. Upande utakaojaa utachimbiwa mchanga ili boti zipite. Shemeji akacheka, akaniambia mbele za watu nikatafute koleo mapema, gati ni la wanaume. Mbele za watu! Gati hilo litakuwa langu au nife.

Alhamisi, 10 Aprili

Vijiti vyangu vinamezwa. Kimoja kimebaki kichwa tu, kama mtu anayezama kwa adabu. Boti ya mteja imekwama mchangani mbele ya karakana. Tumeisukuma mpaka viuno vikalia. Mama watoto kasema niandike ukweli, waje wachimbe, maana boti zisipofika tutakula misumari. Nikamwambia mke wa fundi haogopi misumari. Hakucheka.

Ijumaa, 11 Aprili

Akili ni mali! Maji yalipokupwa nimevivuta vijiti vyote juu, kiasi cha mkono mzima. Sasa ufuo wangu unaonekana kama ubao ulioliwa na mchwa. Mgongo umekufa. Nimerudi nyumbani ninatembea kama kaa. Mama watoto kauliza nina nini. Nimesema nilikuwa nanyanyua vyuma. Uongo uko wapi hapo?

Jumatano, 16 Aprili

Binti wa buti kaja. Katazama vijiti, katazama maji, kanitazama mimi. Kasema hesabu zake zinasema kinyume kabisa. Nikamuuliza hizo hesabu zimezaliwa hapa? Wakazi makofi! Akaniuliza tena, taratibu, kama nina hakika, maana boti zitakazokwama si zake, ni zetu. Nikaapa kwa karakana yangu.

Shemeji kaapa kwake kunakwanguliwa. Vijiti vyake vifupi kuliko vyangu. Pole yake!

Nasikia wakubwa wa binti wamefurahi mno. Gati hujengwa mara moja, mchanga huchimbwa kila mwaka. Kumbe mwananchi akikosea kwa bei nafuu, husikilizwa!

Jumamosi, 9 Agosti

Gati limezinduliwa. Zege safi, vyuma vinameremeta, ngazi ya kushukia majini. Ngazi imeishia mchangani. Maji yako kule mbali, yanatutazama. Wageni wa heshima wamepiga picha wameligeuzia gati mgongo. Chini yake kalala mbwa, ndicho chombo pekee kilichotia nanga. Nilimwomba binti wa buti waje wachimbe. Kanijibu kwa upole kwamba upande wetu, kwa vipimo vyangu mwenyewe, hauna mchanga wa kuchimba.

Kwa shemeji mkondo umejichimbia kina wenyewe. Boti zote zimehamia huko, zimefungwa kwenye vigingi vyake vya mti. Mama watoto kaifunga karakana yetu, kaenda kumsaidia kaka yake kupokea wateja. Wakati anaondoka hakugomba. Heri angegomba.

Jioni shemeji kaniletea salamu: kuna matundu mengi ya kuziba, nije na nyundo yangu, udugu ni kufaana. Nilitaka kumtukana. Nikaenda kutafuta nyundo.

Nitakwenda. Nina moyo mkubwa, siwezi kumwacha shemeji na kazi zote hizo peke yake. Na nikiwa huko, maji yakikupwa, nitavididimiza vijiti vyake kidogo. Kidogo tu! Wateja wakiona kwake kunajaa, watarudi kwangu wenyewe, gati lipo tayari linawangoja.

Ama ile nyota kali niliyosema nimezaliwa nayo, nilidanganya. Sijawahi kuwa nayo.