Bakshishi ya Verna

Jumatatu, 6 Oktoba

Verna ameajiriwa. Mke wangu, ana miaka hamsini na minane, sasa anahudumia wateja mezani kwenye mgahawa wa Mama Pavlik, ng'ambo ya reli. Habari nimepewa na kinyozi, mbele za watu, nikiwa na povu shingoni. Nikajifanya nilikuwa najua.

Tangu Juni anaishi kwa dada yake, upande wa pili wa mji wetu wa Altoona. Na chanzo chenyewe ni senti moja. Siku tulipotimiza miaka thelathini na minne ya ndoa nilimpeleka mgahawa wa barabara kuu. Supu ikaja baridi, na msichana aliyeileta hata pole hakusema. Nikafanya kama marehemu baba alivyonifundisha: unaipindua glasi ya maji mezani, imejaa vilevile, na chini yake senti moja. Asiyeacha kitu huenda kasahau. Anayeacha senti moja amekusudia, na mhudumu akiinyanyua glasi, maji yote yanamwagika mezani. Baba aliliita somo.

Verna alirudi ndani, akayapangusa yale maji kwa skafu yake mwenyewe. Wiki iliyofuata akafungasha. Alisema hapa Pennsylvania mshahara wa mhudumu haufiki dola tatu kwa saa, bakshishi ndiyo ugali wao, na yeye amechoka kula na hakimu.

Nyumba imekuwa kubwa. Blanketi letu la umeme lina swichi mbili, yangu na yake. Yake naiwasha pia. Upande ule unapata moto, halafu hakuna mtu.

Lakini nina mpango. Nitakula kwa Mama Pavlik kila siku na kumwaga bakshishi mpaka Verna aone mwenyewe kwamba Merle Hockenberry si mkono wa birika tena. Mkono mtupu haulambwi, walisema wa kale. Kabla ya theluji atakuwa nyumbani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nilinyoa mara mbili. Shati la buluu, lile analolipenda.

Mama Pavlik akanikalisha kwenye meza za Duane Plummer. Pale kila mhudumu ana meza zake, ukikaa kwa mtu wewe ni wake. Huyu Duane nywele kazilaza nyuma kwa mafuta na ananiita mzee, wakati tofauti yetu haizidi miaka minane. Nikasema dirisha linanipiga upepo, nihamishwe. Mama Pavlik akaniuliza upepo gani, dirisha limefungwa kwa misumari. Nikasema mimi nausikia. Akanihamisha huku akitikisa kichwa.

Verna akaja na kidaftari chake. Aprini ya njano, kalamu sikioni. Akanisabahi, akaniuliza ningependa kunywa nini, kana kwamba hajui ninachokunywa asubuhi kwa miaka thelathini na minne. Nikashindwa hata kutaja kahawa. Nikaonyesha kwa kidole.

Akaniletea chai. Nilikuwa nimeagiza mayai, ikaja chapati ya maji yenye asali. Kijiko hakikuja kabisa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna atakayesoma: Verna ni mhudumu mbovu. Miaka yote nimepima wahudumu, na mbovu kama huyu sijawahi kupata. Msichana wa supu ni malaika.

Basi nikabaki na bili mkononi. Nisipoacha kitu, atasema Merle ni yuleyule. Nikiacha, nimemfukua baba kaburini. Nikaacha dola ishirini kwa chakula cha dola tisa. Baba anisamehe, yeye hakuwahi kuachwa na mama.

Jumatano, 8 Oktoba

Ishirini nyingine. Leo aliniletea mayai, ila yalikuwa ya meza ya jirani, na jirani alikuwa ameshaanza kuyala. Nikayala. Nikasema matamu.

Akiwa anafuta kaunta alikuwa akiimba kwa pua, ule wimbo usio na maneno anaouimba akikata vitunguu. Nilikuwa nauchukia. Leo niliagiza kahawa ya pili, ya tatu na ya nne ili niendelee kuusikia. Zilikuja mbili.

Alipoiona noti mezani aliniangalia. Hakutabasamu, lakini aliniangalia, na macho yake hayakuwa ya Juni.

Mpango unakwenda vizuri mno.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimeibiwa mchana kweupe, na aliyeniibia amenishukuru.

Duane alikuja mezani kwangu, meza isiyo yake, akanipiga bega. Akaninyanyulia mguu nione viatu vipya vya boulingi, ule mchezo wa kubingirisha tufe zito kuangusha pini, vyekundu na vyeupe, vinameta. Akasema asante sana mzee, bila wewe ningeendelea kukodisha vya watu. Nikauliza nimehusikaje. Akaeleza kwa furaha zote: kwa Mama Pavlik bakshishi haina mwenyewe. Zote zinatumbukizwa kwenye mtungi mmoja wa achari, jioni zinagawanywa sawasawa. Ishirini zangu za jana na juzi zimekuwa baraka kwa wote.

Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba Ijumaa jioni yeye na Verna wanakwenda boulingi. Akasema Verna anarusha vizuri, ana mkono mwepesi.

Huo mkono mwepesi ni wa mke wangu. Nimemvisha viatu mwanamume anayetoka na mke wangu. Nikakisukuma chakula kando, na hakikuwa hata chakula nilichoagiza.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango mpya, na ni rahisi: mtungi ukauke. Duane akikosa senti, viatu havitampeleka popote.

Nikala taratibu, nikalipa bili, nikaacha meza nyeupe kabisa. Hata makombo nilikusanya. Nikapita mbele ya Duane nimeinua kidevu.

Verna alinikuta nje, kwenye maegesho, bila koti. Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Aliniuliza kama najua kwamba jana jioni aliwaambia wenzake mume wake amebadilika, na kwamba Mama Pavlik alimcheka, na kwamba yeye akaapa mbele ya wote kuwa ni kweli. Nikasema Duane. Akauliza Duane kafanya nini. Nikasema boulingi. Akaniangalia kama mtu aliyemeza nzi. Akasema timu ya mgahawa ina watu sita, nahodha ni mke wa Duane, na mume aliyetaka kujua angeweza kuuliza.

Upepo ulikuwa unampeperusha nywele na nilitaka kumvisha koti langu, lakini mikono haikunisikia.

Akavuta pumzi. Akasema amenikumbuka, na inamuudhi kwamba amenikumbuka. Kwa dada yake kila mtu anakubaliana naye mpaka anasikia usingizi. Akasema Jumapili anamaliza zamu saa nane mchana. Nije nile. Niletewe nilicholetewa. Niache kile ambacho binadamu wa kawaida huacha, sehemu ya tano ya bili, isiwe ya kujionyesha wala ya kumfundisha mtu, kisha nikae garini nisubiri kimya. Nikiweza hilo moja tu, atatoka na begi lake tuende nyumbani.

Nikasema hilo tu? Akasema kwako wewe, Merle, hilo ni mlima.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi nilifua mashuka. Nikanunua maua, nikayarudisha kwa kuogopa yataonekana ya kujionyesha, nikayanunua tena. Nikaweka mto wake wa mgongo kwenye kiti cha gari.

Niliagiza nyama ya kusaga ya kuoka. Likaja ini. Verna anajua kwamba ini siligusi tangu jeshini. Sijui kama lilikuwa jaribio au ni uhudumu wake tu. Nikalila lote, macho nimeyafumba, na vitunguu vyake. Mchuzi ulinimwagikia pajani, wa moto. Nikasema hakuna neno. Mama Pavlik alitoka jikoni kuja kunitazama. Duane akaninong'oneza nijikaze, na naapa sauti yake ilikuwa ya kirafiki.

Bili ikaja: dola kumi na tano na senti tisini. Sehemu ya tano, dola tatu na senti kumi na nane. Nikaiweka mezani kamili, noti tatu na sarafu juu yake, nikasimama, nikatoka. Sikusema neno. Mlima nimeupanda, nikajiambia, tena kwa viatu vya kawaida.

Garini nikawasha kipasha joto cha upande wake. Kupitia dirishani nilimwona anafungua aprini. Akanipungia mkono, akanionyesha vidole vitano: dakika tano. Alikuwa anacheka. Tangu lini sijamwona Verna akicheka akinitazama mimi? Machozi yalinilengalenga, sioni aibu kuliandika.

Dakika tano ni nyingi kwa mtu asiye na la kufanya. Bili ilikuwa bado mkononi. Nikaisoma tu, hivi hivi, kama mtu anavyosoma pakiti ya sukari. Chakula, dola kumi na tano. Kodi ya jimbo, senti tisini.

Kodi. Nilikuwa nimepiga hesabu ya bakshishi juu ya kodi. Gavana aliniletea ini? Gavana alinimwagia mchuzi? Haki ya Verna ni dola tatu. Zile senti kumi na nane ni za jimbo la Pennsylvania, ambalo halikunihudumia chochote.

Nikajiambia Merle, achana nazo. Nikajiambia tena. Nikashika usukani kwa mikono miwili. Lakini Verna mwenyewe alisema kile anachoacha binadamu wa kawaida, na binadamu wa kawaida haipi serikali bakshishi. Kwa hiyo kuziacha ndiko kungekuwa kuvunja ahadi. Kuingia na kutoka ni nusu dakika. Asingejua.

Meza ilikuwa haijafutwa. Noti tatu sikuzigusa, hilo liandikwe. Niliokota sarafu peke yake, moja moja, na ya mwisho ilikuwa imenasa kwenye mchuzi, nikaikwangua kwa ukucha. Nilipoinua kichwa, Verna alikuwa amesimama mbele yangu. Koti amevaa. Skafu shingoni. Begi mkononi.

Aliutazama mkono wangu. Nikaanza kumweleza habari za kodi. Nilieleza vizuri, kwa utaratibu, hata nilimwonyesha mstari kwenye bili. Duane alikuwa ameangalia chini.

Verna aliweka begi sakafuni. Akavua skafu, akapangusa meza yangu, taratibu, kona hadi kona. Kisha akatundika koti msumarini na kumuuliza Mama Pavlik kama zamu ya jioni bado ina nafasi.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nimetafakari siku nzima, na kosa nimeliona. Kosa ni kuchapisha kodi kwenye karatasi moja na chakula. Mtu yeyote mwenye akili angechanganyikiwa. Jumapili ijayo nitapiga hesabu nyumbani kabla ya kutoka, nije na pesa kamili kwenye bahasha, na suala la kurudi ndani halitakuwepo. Verna atafurahi akiona nimejiandaa.

Maua yapo kwenye maji. Mto wake nimeuacha garini. Swichi yake ya blanketi nimeiwasha mapema leo, kitanda kisiwe baridi endapo zamu itaisha mapema.

Zile senti kumi na nane nimezifuta mchuzi, nikaziweka kwenye kisahani chake cha hereni, upande wake wa kitanda. Akirudi azikute. Azihesabu mwenyewe, aone kwamba sikukosea.