Eustaquio Alivyoilinda Zamu Yake Barazani

Sogezeni viti, enyi mliowahi kuvimba shavu, na ninyi ambao meno yenu yangali mazima nyamazeni mpate kujifunza. Maana nasimulia habari za Eustaquio Duarte, fundi viatu wa Yaguarón kule Paraguay, Mng'olewa Magego, Simba wa Bembea, aliyerudi kutoka kwa daktari wa meno akiwa na shavu moja mfano wa papai na moyo uliolipita shavu kwa ukubwa.

Siku mbili alitawala akiwa amelala bembeani. Ramona, mkewe, alimletea barafu iliyofungwa kwa taulo, uji baridi wa mahindi na mito, naye akavipokea kama sultani apokeavyo ushuru. Dawa ilimlewesha kidogo, na kwa kweli hakuwa amepata raha namna ile tangu harusi yake. Amri ya daktari ilikuwa moja tu: asinyonye chochote kwa mrija, damu iliyoganda isije ikang'oka kidondani akarudishwa kwenye kile kiti.

Alasiri ya siku ya tatu, jua likichoma vigae, jamaa walikusanyika barazani kunywa tereré, chai yao ya baridi, na hapo vita vikaanza. Pembe ya ng'ombe iliyojazwa majani ya yerba ilizunguka, mama mkwe Benigna akiimiminia maji ya barafu yenye mnanaa, na kila mtu akinyonya kwa mrija uleule wa chuma zamu yake ikifika. Na sheria ya duara hilo, ambayo hata mlevi huiheshimu, ni kwamba anayerudisha pembe na kusema asante amejitoa. Hamiminiwi tena.

Pembe ikamfikia Eustaquio. Akinyonya, kiti kinamngoja. Akishukuru, yuko nje. Na jambo hilo aliliogopa kuliko sindano: kukaa pembeni kama mgonjwa huku watu wake wakiendelea kucheka bila yeye.

"Shemeji, sema tu asante ukalale," akasema Crispín, kaka yake Ramona. "Hii ni ya wenye meno."

Shujaa akainuka, mito ikianguka kushoto na kulia.

"Crispín, mwana wa Benigna! Mimi niliyelala chini ya taa ya daktari, koleo likinguruma tayani mwangu, nisilie ila mara moja, leo unanitaka niliage duara la baba zangu? Taya lote na liende, mimi nitabaki!"

"Udenda unakutoka, baba Nilda," akasema Ramona, akimfuta kidevu.

Akauweka mrija midomoni. Ubaridi wa mnanaa ukampanda puani, naye akaitamani tereré ile kwa roho yake yote.

"Ukivuta, kesho unakwenda peke yako," Ramona akamwambia. "Mkono wangu bado unauma ulivyoubana."

Akautoa mrija. Pembe akabaki nayo mkononi, watu wakisubiri.

"Mkwe wangu, hiyo si maikrofoni," akasema Benigna. "Kunywa au rudisha."

"Kijiko," akanong'ona Eustaquio.

Crispín akapinga kwa hotuba ndefu, akiwataja mababu na aibu ya ukoo. Benigna alimwacha amalize. Kisha akauchomoa mrija, jambo ambalo hakuna aliyewahi kumwona akilifanya, akafunika mdomo wa pembe kwa kitambaa safi na kuiinamisha juu ya kijiko.

"Desturi inataka anywe," akasema. "Haijasema anywe vipi."

Matone ya kijani yakajaa. Eustaquio akayapokea kwa upande mzima wa mdomo, na baridi ikashuka kifuani mwake kama habari njema. Akakumbatia pembe. Machozi yakamlenga. Mama yake alikuwa amemlea vizuri, mtu wa kushukuru hata akipewa kiti, na sasa neno lilikwisha kufika kwenye ncha ya ulimi. Crispín akainama mbele ili alisikie.

Eustaquio akafumba mdomo. Akairudisha pembe kimya kama jiwe, na Benigna, mbele ya Paraguay nzima, akamhesabu tena kwenye duara.