Vitunguu vya Nel

Jumatatu, 3 Machi
Mwenyekiti Koenraad kanikamata langoni. Kamati itakagua bustani zote za kukodi Jumamosi ya tarehe 15. Akasema yangu imejaa magugu, na akinikuta hivi, ataigawa kwa mwingine, watu wanangoja foleni. Alisema kwa huruma. Huruma! Bora angenitukana.

Bustani yenyewe ni ya mke wangu Nel. Mwezi wa kumi alipanda humo vitunguu vya maua ya tulipu, kavaa koti langu, anakohoa. Krismasi haijafika tukamzika. Lazima nivione vikichanua. Lazima!

Kupalilia siwezi, magoti yamegoma. Basi akili ifanye kazi. Nitapanda majani ya kutambaa, yafunike udongo wote, magugu yakose mwanga yafe yenyewe. Mimi nikae ninywe kahawa. Huib, wewe ni kichwa!

Jumanne, 4 Machi
Bi Truus wa bustani ya jirani kachungulia juu ya ua. Ati atanipalilia, asubuhi mbili tu, tena bure. Nikasema ahsante, sina shida. Akasema haya, kama ni majani, basi nichukue zaatari ya kutambaa, ni fupi, mizizi yake haiendi chini, maua yatapenya. Zaatari! Mpaka ifunike udongo nami nimeshafukiwa.

Ana kiherehere huyu mama. Ndiye aliyemshikia Nel kikapu siku ya kupanda. Mimi nilifukuzwa. Nel alisema niende zangu, nitamchosha na kamba zangu za kunyoosha mistari. Kwa hiyo Truus anajua vilipo, mimi mume wa ndoa sijui. Simuulizi ng'o.

Jumatano, 5 Machi
Ushindi! Nimeona ncha mbili zimetokeza. Nikapima kati yake: shubiri moja. Kipimo kilekile cha mashamba ya hapa Hillegom, nilikozeekea kwenye kazi ya tulipu. Kumbe miaka yote Nel alikuwa ananisikiliza! Machozi yalinitoka, nasema kweli.

Ncha mbili zinatosha. Nikavuta kamba, nikachora mistari bustani nzima. Vitunguu kwenye mistari, majani katikati. Mtoto wa shule angeelewa.

Ijumaa, 7 Machi
Dukani nikaomba majani makali kuliko yote. Muuzaji akauliza nataka kupanda nini pamoja nayo. Nikamwambia afanye biashara, aache maswali. Akanipa mikeka mizima ya kijani, imeshashikana. Akanitania nisisimame juu yake muda mrefu, yatanimeza na viatu.

Nikaanza kuchimba kati ya mistari ili niitandike. Kwacha! Sepetu imekata kitunguu. Hicho kimepotea njia, nikasema. Kwacha tena. Navyo vilikuwa na ncha tayari, nyeupe, laini. Nikavitia mfukoni. Nimechimba mpaka mwisho, nikaitandika yote, maana kazi haiachwi katikati.

Jumapili, 9 Machi
Siku ya kuzaliwa Nel. Binti yetu Annelies kaja na keki kutoka Utrecht. Sisi Waholanzi siku hiyo tumezoea kupeana mkono na kupongezana nyumba nzima, mwenye siku yake na wengine wote. Leo tulisimama tu, hatujui nani ampongeze nani. Binti yangu akanishika mkono.

Kisha akaona vile vitunguu vilivyokatika, dirishani jikoni. Nikamwambia ni mabaki. Akasema, Baba, hivyo ni vya Mama. Akaniomba niiache bustani, nihamie karibu naye. Nikajifanya sisikii. Masikio ya uzeeni yana faida zake.

Jumanne, 11 Machi
Nimejishusha. Nimemuuliza Bi Truus kwa nini mistari ya Nel haifuati kamba. Akaniangalia weee. Akasema, mistari gani, jirani? Nel alifumba macho, akavirusha kwa mikono miwili, akavipanda palepale vilipoangukia. Tena alikuwa anacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alitaka vitokee popote vinapotaka.

Kuvirusha! Mke wa mtu wa tulipu, anarusha vitunguu kama analisha kuku! Nimekasirika siku nzima. Jioni hasira ikaisha, nikabaki na kile kicheko. Nilikuwa nyumbani nikinoa sepetu. Sikukisikia.

Bi Truus kasema niondoe mikeka, bado haijashika mizizi. Nikamuuliza, na kamati je?

Jumamosi, 15 Machi
Nimepita! Hakuna gugu hata moja. Koenraad kanipa mkono, kasema wengine waje kujifunza kwangu. Nilifurahi mpaka nilipofika getini. Hapo nikageuka nikaitazama mikeka, sijui kwa nini.

Jumatano, 2 Aprili
Zimechanua! Chache. Mbili nyekundu penye bomba. Tatu za njano zimebanana kwenye njia. Moja nyeupe iko peke yake kabisa, inapepesuka na upepo. Chini ya mikeka kimya. Nilifunua pembe moja nikaona ncha za manjano zimepinda, zinatafuta pa kutokea. Nikafunika tena.

Nikakaa chini nikalia kama mtoto. Bi Truus alikuja na kahawa, akakaa kando yangu. Baadaye akasema Nel alinipenda sana, na kamba zangu zote. Hapo nililia upya.

Nilipopangusa macho nikaona nyasi. Zimeanza kuota pembeni ya ile nyeupe! Zitaimaliza! Hizi ndizo zilizobaki, nami sikubali kumpoteza tena.

Nimeshapata dawa. Kesho asubuhi nazing'oa hizo tulipu zote sita, nazipanga mstari mmoja, shubiri kwa shubiri, mkeka huku na mkeka huku. Bi Truus kanishika mkono wa koti, karibu apige magoti, ati zikihamishwa zikiwa na maua zitakufa, niziache hapohapo alipozitupa Nel. Maskini, hakuwahi kufanya kazi ya tulipu. Sepetu nimeshainoa.