Mabomba Sitini na Moja

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Namshukuru Mungu kwa binti yangu. Anaolewa Jumamosi, kanisani kwetu, na kinanda kikubwa cha mabomba kitapigwa. Ila mpigaji si mimi! Ni Bibi Pedali. Mimi, msaidizi wake miaka kumi na mmoja, ninayekifuta vumbi na kuitia mafuta mota yake, nimeambiwa nitembee tu na bibi harusi. Binti kasema siwezi kumshika mkono na kupiga kinanda kwa wakati mmoja. Hoja dhaifu. Mama yake kacheka mpaka akakaa chini.

Bibi Pedali ana miaka sabini na miwili. Hupiga kwa soksi, miguu ikikimbia juu ya pedali, vile vibao vya chini, kama ya msichana. Simchukii. Simpendi tu.

Jumatano, tarehe 5
Mpango! Nitachomoa mabomba matatu. Ijumaa, wakati wa mazoezi, vibao vitatu vitakuwa bubu. Taharuki! Fundi yuko mbali, huja mara moja kwa mwaka. Ndipo nitajitokeza mimi, dakika tano, kazi kwisha. Binti ataona nani hasa anakijua kinanda hiki. Nashukuru kwa akili niliyojaliwa.

Alhamisi, tarehe 6
Lo! Nimeingia ndani ya kinanda asubuhi, kwa mlango wake mdogo wa nyuma. La kwanza likatoka. La pili pia. La tatu likagoma. Nikavuta. Kiwiko kikagonga ubao unaoyashikilia mengine, safu nzima chini! Mabomba sitini na moja, dogo kama penseli, kubwa linanifika kifuani. Nashukuru hayakuniangukia usoni. Manne yamebonyea, bati lake ni laini mno. Nikayarudisha yote kwa kukadiria. Nikajaribu wimbo mmoja. Bata waliofungiwa kabatini!

Ijumaa, tarehe 7
Bibi Pedali kaja mapema, kabla sijatoroka. Akabonyeza kibao, akabonyeza kingine. Bata walewale. Kisha akaniita nitoke nyuma ya nguzo. Nikasema ni panya. Akauliza ni panya gani huyo anayevaa viatu, maana nyayo zimejaa kwenye vumbi kule ndani. Nikakiri. Nikalia kidogo pia.

Hakufoka. Akavua koti, akakunja mikono ya gauni. "Haya, baba wa bibi harusi, panda."

Kumbe kila bomba limechongwa herufi chini! Miaka kumi na mmoja sijaziona! Yeye akabonyeza, mimi nikachomeka. Yaliyobonyea akayanyoosha juu ya mpini wa ufagio, taratibu, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Akanikataza kuyakumbatia: joto la mkono hupandisha sauti, ni lazima bomba lipoe ndipo liseme kweli. Alasiri yote tukawa hivyo. Mchungaji akapita, akauliza kulikoni. Bibi Pedali akajibu kwamba sisi wawili tunakisafisha kwa ajili ya harusi. Sisi wawili! Mimi!

Jumamosi, tarehe 8
Tumesimama mlangoni, mkono wa binti ndani ya wangu. Kinanda kikaanza. Sauti nene kwanza, ikapita sakafuni, ikanipanda magotini. Binti akaninong'oneza, "Asante baba. Bibi Pedali kaniambia ulivyokihangaikia." Ningekuwa kule juu nikipiga, nisingesikia neno. Nimeshukuru mpaka leso ikalowa. Bibi Pedali nampenda. Nimeandika.

Jumatatu, tarehe 10
Nitamshukuruje? Maua hunyauka. Nimepata! Leo yuko kliniki mpaka jioni. Mvukuto, ule mfuko mkubwa wa ngozi unaoyapa mabomba yote pumzi, umeganda vumbi la miaka. Nitaufungua, niuoshe kwa sabuni, niuanike juani. Asijue mtu, nataka ashangae! Sina haja ya fundi. Ngozi ni ngozi, hata viatu vyangu huviosha, hukakamaa na kupasuka kidogo tu. Skrubu zote zimeshatoka. Maji yamechemka.