Sindano Haifiki Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Agosti

Zimebaki siku tano. Jumamosi baba mkwe wangu, Mzee Gikonyo, anakwenda Gakindu kwenye mkutano wa ukoo, na hataki gari lingine ila pikapu lake la Kimarekani la mwaka 1974, gia za otomatiki, alilonunua kwa mzungu mmoja wa Naro Moru wakati yeye mwenyewe angali na nywele. Huko Gakindu atakabidhi ufunguo mbele ya watu wote. Kwa nani? Kwa atakayelifanya litembee sawasawa. Amesema waziwazi. Tuko wawili tu: mimi, na Kingori, kaka yake mke wangu, mwenye gereji pale Skuta na mdomo mkubwa kuliko gereji.

Mzee amenipa mimi nafasi ya kwanza. Si nimefundisha watu udereva miaka kumi na tisa? Kingori alikunja uso kama aliyelamba ndimu. Raha!

Ugonjwa wenyewe: gia inakawia. Injini inalia, inalia, halafu gia inaingia kwa teke hadi meno yanagongana. Kitabu cha gari kinasema gia hizi huongozwa na vakyumu, yaani ule mvuto wa hewa ndani ya injini. Ukifunga geji ya vakyumu, sindano isimame kati ya 17 na 21. Ikiwa chini ya hapo, kuna mahali panavuja. Rahisi kabisa! Shida ni geji. Sina. Kingori anayo. Afadhali nife.

Jumanne, 5 Agosti

Nimepata wazo! Jirani yetu Wakonyo hukamua ng'ombe kwa mashine. Mashine huvuta maziwa kwa vakyumu. Kwa hiyo ina geji! Nikaenda saa nne, baada ya kukamua. Akauliza nataka kupima nini. Nikasema gari. Alicheka hadi akakalia ndoo. "Ati unapima gari na kitu ya ng'ombe?" Akanipa, mradi kila siku irudi kabla ya saa kumi jioni, wakati wa kukamua tena. Kuna vizibo vyake vyekundu vya mpira, vya kuziba kikombe cha mashine ng'ombe akiwa na chuchu mbovu. Nilichukua vitatu. Hivyo sikuomba.

Sindano ilisimama 14. Kumi na nne! Nikagonga kioo. 14. Jasho likanitoka na baridi yote hii ya Agosti.

Kingori naye akapita, ati alikuwa anaenda kwingine. Akachungulia. Akasema 14 ni afya tele: kitabu kiliandikiwa watu wa nchi ya chini, sisi tuko juu, hewa yetu ni nyepesi, kila futi elfu moja sindano hupoteza namba moja. Akaniambia niangalie ule mpira mwembamba wa kupitisha hewa unaoteremka hadi kwenye giaboksi, huenda umepasuka. Ati! Mtu anayelitaka pikapu hilohilo anipe dawa yake? Nikamshukuru kwa baridi. Chini ya gari sikuangalia kitu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeziba mipira miwili midogo juu ya injini. Sindano 14. Nikalitoa gari barabarani, geji imefungwa kwa waya pembeni ya kioo, nikashuka hadi Sagana. Gia zilipiga mateke njia nzima. Lakini baada ya Karatina sindano ikaanza kupanda, yenyewe! Sagana: 16! Nikanunua samaki wa kukaanga nikamla nimesimama, mafuta yakinitiririka hadi kwenye kiwiko. Nimeshinda! Vizibo vimefanya kazi!

Nikarudi. Karatina, 14. Nyumbani, 14. Nilitaka kulia. Kuna kitu hulegea gari likipanda mlima. Hakuna maelezo mengine.

Wakonyo alikuwa langoni, saa kumi na moja na nusu. Ng'ombe walikuwa wakilia hadi barabarani. Hakunitukana. Alinyoosha mkono tu nimpe geji yake, na niliona vidole vimemvimba kwa kukamua kwa mkono. Niliona haya kweli. Nikamwomba aniazime tena kesho, akakubali shingo upande.

Alhamisi, 7 Agosti

Kimebaki kizibo kimoja, na mpira mmoja mnene ambao sijaugusa. Najua ni wa breki. Nauandika hapa kwa sababu hapa hasomi mtu. Mvuto wa injini ndio unaosaidia mguu kubana breki.

Nimeuziba.

Sindano ikapanda: 14 na nusu! Breki imekuwa ngumu kidogo. Sawa, imekuwa ngumu sana. Nimezunguka uani mara sita, gari linasimama nikikanyaga kwa miguu miwili. Miguu ninayo. Hiyo nusu ndiyo ushindi wangu na siiachii. Nitakitoa kizibo Jumamosi jioni, ufunguo ukiwa mfukoni mwangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Kabura, mke wangu, ameniuliza kama gari ni salama. Nikasema ndiyo. Akauliza tena, safari hii akinitazama. Akanikumbusha kwamba atakayekaa humo ni baba yake, na ana miaka themanini na nne.

Nikasema, mia kwa mia.

Saa tisa nikaenda kukitoa kizibo. Nimeinua boneti, nani amesimama langoni? Kingori! Ametia mikono mfukoni, anatabasamu. Akikiona kile chekundu nimekwisha. Nikafunga boneti, nikajifanya napangusa taa. Hakuondoka hadi giza. Nitakitoa kesho asubuhi na mapema.

Jumamosi, 9 Agosti

Saa kumi na mbili asubuhi nilimkuta mzee keshaketi garini. Kofia kichwani, bakora katikati ya magoti. Alikuwa hapo tangu saa kumi na moja. Ningefunguaje boneti mbele yake? Ningesema nini? Nikawasha gari. Kabura na Kingori wakafuata nyuma kwa gari la Kingori.

Hadi Mukurweini nilikwenda polepole na kusali. Kisha ukaja ule mteremko wa kuelekea Gakindu.

Nikakanyaga breki. Jiwe. Nikakanyaga kwa miguu miwili, makalio yakainuka kwenye kiti. Gari linaongeza mwendo! Chini kabisa, kwenye daraja, akina mama wanavuka na magunia ya kahawa mgongoni. Wanne. Honi haikulia. Nilipiga kelele, nadhani nilimwita mama yangu. Niliwaona wameinama vile, hawatuoni, na nikajua ninachokwenda kufanya.

Mkono wa mzee ukapita mbele ya kifua changu. Akavuta mti wa gia hadi chini kabisa. Injini ikanguruma, gari likapiga magoti kama ng'ombe. Kisha akavuta breki ya mkono, taratibu, kidogokidogo, kama mtu anayefunga mlango mtoto asiamke. Tukasimama. Mama wa mwisho angeweza kuugusa mdomo wa gari kwa kidole.

Mzee akashuka na bakora yake. Halafu: "Fungua boneti."

Kingori na Kabura walikuwa wameshatufikia. Kingori akainama, akachomoa kizibo chekundu kwenye ule mpira mnene, akamwonyesha mzee. Hapo mdomo wangu ukasema wenyewe kwamba Kingori alionekana langoni jana, tena kwa saa nyingi. Nilisema hivyo! Mbele ya wale akina mama, magunia yao bado mgongoni!

Kabura akakichukua, akakigeuza. "Hii ni ya mashine ya Wakonyo." Akanigeukia. "Baba Nyawira, ulijua hiyo paipu ni ya breki?"

Nikatazama mibuni. Nikasema nilijua. Ndilo neno la kweli pekee nililosema wiki nzima, na halikunisaidia hata kidogo.

Kingori akatoa vizibo vingine, akaingia chini ya gari, akakata mpira mwembamba uliopasuka, akaweka mpya. Dakika kumi! Kutoka hapo aliendesha yeye, na gia ziliingia bila mtu kuzisikia. Iliniuma hadi kwenye mifupa.

Gakindu mzee alisimama mbele ya ukoo na ufunguo mkononi. Akampa Kabura. Kingori akapiga makofi. Na mimi nikapiga, mwisho mwisho.

Jumapili, 10 Agosti

Kabura hazungumzi nami. Chai anamimina, lakini anamimina akitazama dirishani.

Nimekwenda kwa mzee kuomba msamaha. Nililia, sifichi. Alinipa uji, akasema ningemwuliza tu, gari ameliendesha zaidi ya miaka arobaini. Akasema pia kwamba mimi bado ni mtoto wake. Hapo ndipo nililia zaidi. Nimemrudishia Wakonyo vizibo vyake vyote vitatu. Nimeapa mbele ya Kabura kwamba boneti ya pikapu lile sitaigusa maisha yangu yote.

Jumapili, 17 Agosti

Kabura ametupeleka kanisani kwa pikapu. Mara yangu ya kwanza kuruhusiwa kupanda. Sharti: mikono juu ya magoti. Nilitii.

Lakini kati ya gia ya pili na ya tatu nilisikia kitu. Kadogo sana. Kabura akasema ni shimo barabarani. Mzee akasema hajasikia. Shimo gani? Lami ni mpya! Ni mvuto umeshuka tena, na tangu nipigwe marufuku hakuna aliyepima sindano hata siku moja. Wakaendelea kuimba. Familia yangu yote imo ndani ya gari lile.

Wakonyo ameifungia geji sandukuni. Si kitu. Pale zahanati ya Majengo muuguzi Salwa ana mashine ya kupimia presha, yenye sindano nzuri kabisa, ile wanayokufunga mkononi kisha wanapuliza. Kabura anakwenda sokoni Jumanne, kwa miguu; pikapu litabaki uani. Nimeshamwambia Salwa kwamba kichwa kinaniuma, na kwamba nitaomba kupimiwa nyumbani.